Unga wa Kijivu

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Chiriku alipitia nyuma ya nyumba kuangalia miche. Daftarini alikuwa na jina jingine, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa mwalimu wa zamu akikasirika. Nyumbani, mtaani na darasani aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alizoea kuwaambia majirani, "Mkimwona huyu amenyamaza dakika tano, msiniulize mimi, mkimbizeni zahanati."

Kitalu kilikuwa na safu nane za viriba vyeusi vya plastiki, vimejazwa mchanga na samadi, viriba thelathini kila safu. Katika kila kiriba ulisimama mche wa mchungwa uliofika magotini. Miche hiyo yote ilikuwa kazi ya babu, baba yake mama. Yeye ndiye aliyekata mashina machanga ya milimau, akachomeka katika kila shina jicho la chipukizi la mchungwa mtamu, akalifunga kwa utepe hadi likashika. Macho hayo aliyachukua kwenye mchungwa mmoja tu, mkongwe, uliosimama karibu na soko. Miezi miwili baadaye barabara ya soko ilipanuliwa na mchungwa ule ukang'olewa. Mwezi uliofuata babu naye aliangushwa na kiharusi. Ulimi wake ulipona, utani wake ukapona, lakini mkono wa kulia ukabaki umelala mapajani kama si wake.

"Mkono huu umestaafu bila kuniaga," alikuwa akisema, na watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Watu wakiondoka alikaa kwenye kiti chake cha kamba mlangoni, akaitazama ile miche mia mbili na arobaini. Mkono haungeshika kisu tena, na mchungwa wa kuchukulia macho haukuwapo. Kama si miche hiyo, chungwa lile lingekwisha kabisa.

Mama alikuwa fundi cherehani. Kwa kushona na kumhudumia babu, alfajiri ilimkuta yuko kazini na jioni ikamwacha kazini. Kwa hiyo aligawa kazi. "Chiriku, kitalu ni chako. Maji kila jioni. Mwanzo wa mwezi, kila mche kizibo kimoja cha mbolea nyekundu, basi. Halafu unga wa kijivu, kijiko kimoja kila mche, uuchanganye na mchanga wa juu kwa vidole. Usirushe tu juu juu."

"Unga wa kijivu una kazi gani, mama?"

"Muulize babu yako."

Babu alikuna kidevu kwa mkono wa kushoto. "Mimi mwenyewe sijui jina la kazi yake. Ni chokaa ya shamba. Aliyenifundisha ufundi alikuwa akiitia, nami nikaitia, na michungwa yangu haikuwahi kunitia aibu. Usiiruke."

Mwezi wa kwanza Chiriku hakuiruka. Alichuchumaa safu baada ya safu, akichanganya unga kwa vidole mpaka kucha zikamuuma. Unga ulimwingia puani akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Mbolea nyekundu ilikuwa rahisi, unatia kizibo na kusonga mbele. Lakini ule unga ulimlia mchana mzima, huku wenzake wakicheza rede barabarani na kelele zao zikimfikia.

Mwezi wa pili alimaliza safu moja tu. Alisimama, akanyoosha mgongo, akawaza: babu mwenyewe hajui unga huu unafanya nini. Alitia mbolea nyekundu vizibo viwili badala ya kimoja, ili miche isije ikasema imepunjwa. Kisha, kwa kuwa mama angeliona gunia halipungui, alichota ndoo ya unga, akaimwaga kwenye shimo la zamani nyuma ya bafu na kuifunika kwa majani makavu.

"Umeshatia unga?" mama aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Nimeshatia, mama."

"Mwanangu mzuri."

Neno hilo lilimchoma kidogo, lakini rede ilikuwa inaendelea. Mwezi wa tatu alifanya vivyo hivyo. Mwezi wa nne, vivyo hivyo, na safari hii neno la mama halikumchoma tena.

Aliyeona kwanza alikuwa babu. Asubuhi moja aliita kutoka kitini, "Hebu niletee kiriba kimoja hapa, cha safu ya mbele."

Chiriku alikileta. Majani ya juu, yale machanga, yalikuwa na kijani chake. Lakini ya chini, yaliyokomaa, yalikuwa yameanza kupauka kandokando, upande wa kushoto na wa kulia sawasawa. Katikati, kuanzia kwenye kikonyo, kilikuwa kimebaki kipande cha kijani kilichochongoka kama ncha ya mkuki.

"Kiu," alisema mama. Waliongeza maji, na majani yakazidi kupauka.

"Maji yamezidi," alisema jirani. Walipunguza maji, na majani ya chini yakaanza kudondoka.

Walipulizia dawa ya wadudu, ingawa hakuna aliyekuwa amemwona mdudu. Waliondoa wavu wa kivuli, wakaurudisha. Mama aliacha cherehani mara tano kwa siku kwenda kusimama katikati ya safu, mikono kiunoni, kama mtu aliyeitwa na mtoto anayelia asiyeweza kusema panapomuuma. Kila wiki njano ilipanda jani moja juu. Miche iliyokuwa imenyooka ikabaki na vishada vidogo vya majani kileleni na shina tupu chini.

Babu aliacha utani. Jambo hilo lilimtisha Chiriku kuliko njano yenyewe. Alikuwa akikaa na jani lililodondoka mapajani, akiligeuza kwa mkono wa kushoto, akiligeuza tena.

"Mkono huu ungekuwa hai," alimwambia mama siku moja, "ningeingia mwenyewe kwenye mchanga, nikajua. Sasa nakaa hapa kama gunia."

"Usiseme hivyo, baba."

"Niseme vipi?"

Chiriku alisikia akiwa dirishani. Kusema ukweli kulikuwa jambo la sentensi moja tu, naye kwa siku alitoa sentensi elfu. Lakini hii moja ilikuwa na miezi mitatu nyuma yake, na kila siku aliyongoja ilizidi kuwa nzito. Alijaribu njia ya mkato. Siku mbili mfululizo aliingia kitaluni kwa siri, akatia unga kwenye safu nzima. Asubuhi zote alikimbia kutazama. Hakuna kilichobadilika. Majani yalikuwa yale yale, njano ile ile, kana kwamba miche imemkasirikia.

Shuleni aliketi kimya. Rafiki yake, aliyeitwa Kobe kwa sababu ya mwendo wake wa kujivuta, alimgusa bega wakati wa mapumziko. "Leo ni siku ya tatu hujamsengenya mtu. Unaumwa?"

Chiriku alimweleza yote, kwa sauti ndogo, akitazama chini.

Kobe alifikiri polepole, kama alivyotembea. "Sasa unangoja nini?"

"Nangoja ipone."

"Na isipopona?"

Chiriku aliokota jani kavu, akaanza kulichanachana.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema Kobe. "Hiyo tulipewa kwenye insha, na wewe ndiye uliyepata alama nyingi. Usiposema wewe, atasema nani? Mchanga?"

"Babu atakufa akisikia."

"Kwani sasa hivi yuko hoi au anacheza ngoma?"

Siku ya Alhamisi bibi shamba, mtaalamu wa kilimo aliyeitwa na mama, alikuja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye buti za mpira na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni, na mkoba uliojaa majani ya mashamba ya watu. Chiriku alimwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia "Marahaba" huku tayari amechuchumaa kwenye safu ya pili. Alichukua muda mrefu. Aligeuza majani, akachungulia chini yake, akachimba mchanga kwa kidole.

Hatimaye alisema, "Ukiniuliza haraka haraka, ningesema hii ni njaa. Kuna chakula kinaitwa magnesi. Ndicho kinachotengeneza ule ukijani wa jani, na bila ukijani jani haliwezi kupikia mti chakula kwa jua. Magnesi ikipungua, mti huichukua kwenye majani makubwa na kuyapelekea machanga. Ndiyo maana njano huanzia chini na kuacha hiki kipande cha kijani karibu na kikonyo. Mnatia chokaa ya shamba? Hiyo yenu ya kijivu ina magnesi."

"Kila mwezi," alisema mama. "Binti yangu huyu anaitia kwa vidole vyake. Gunia limeshuka hadi nusu."

Bibi shamba alimtazama Chiriku. Kila mtu alimtazama. Huo ndio ulikuwa mlango, tena wazi. Chiriku alifungua mdomo. Aliona uso wa mama, umechoka na una fahari kidogo. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi hapo mmeniacha njia panda," alisema bibi shamba, akisimama taratibu. "Kama chakula kipo na bado majani yanageuka hivi, nahofia ugonjwa. Kuna ugonjwa wa michungwa unaogeuza majani njano, hauna dawa, na unabebwa na kidudu kidogo kinachoruka. Njano yake kwa kawaida haina mpangilio kama hii, ndiyo maana nina shaka. Nitapeleka majani maabara, lakini majibu huchukua wiki kadhaa, na upepo huu unaelekea kwenye michungwa ya majirani. Kidudu hakingoji majibu."

"Unataka kusema nini?" aliuliza babu.

"Nataka kusema, mzee wangu, kwamba kwa usalama wa wengine miche hii ingeng'olewa na kuchomwa. Nisamehe. Nitarudi Jumamosi asubuhi."

Babu hakubisha. Alitazama tu mkono wake wa kulia. "Sawa," alisema. "Sina la kufanya."

Ijumaa ilipita Chiriku akizungukazunguka uani. Mara tatu alimfuata mama kwenye cherehani, na mara tatu mama aliuliza, "Unataka nini?" naye akajibu, "Sitaki kitu."

Jumamosi asubuhi moto uliwashwa kwenye kona ya uwanja. Bibi shamba alisimama kando bila furaha yoyote. Mama alibeba viriba viwili viwili, akavichana, akang'oa mche, akautupa. Majani mabichi yalitoa moshi mzito na harufu ya ganda la chungwa, harufu nzuri, na uzuri wake ndio uliofanya ivumilike kwa shida. Chiriku alisimama karibu na ukuta. Alihesabu kwa sababu hakuweza kufanya jambo jingine. Saba. Kumi. Kumi na tano.

Ndipo babu akainuka. Alitembea kwa fimbo hadi safu ya mbele, akaiegemeza fimbo ubavuni, akainama. "Huu nitautoa mwenyewe," alisema. "Niliuleta duniani mimi." Aliushika mche kwa mkono wa kushoto, akavuta. Kiriba kilipinduka. Alijaribu kukizuia kwa mkono wa kulia na mkono haukwenda, naye akabaki ameinama juu ya mchanga uliomwagika. Hakulia. Alikuwa anajaribu kuzoa mchanga kwa mkono mmoja, kuurudisha kwenye kiriba cha mche anaokwenda kuuchoma.

"Sikutia!" Chiriku alipiga kelele. Hata yeye hakuitambua sauti yake. "Mama, acha! Unga sikutia! Nilitia mwezi wa kwanza, na safu moja tu mwezi wa pili. Mwingine nilimwaga nyuma ya bafu. Na ile nyekundu nilitia vizibo viwili viwili. Mama, acha kuchoma!"

Mama alisimama na mche wa kumi na nane mkononi. Moshi ulipita kati yao. Hakugomba, hakuinua mkono. Alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, akaukumbatia ule mche.

"Nionyeshe," alisema bibi shamba.

Chiriku aliwapeleka nyuma ya bafu. Chini ya majani makavu, unga ulikuwa umenyeshewa na kugandamana ukawa bamba gumu. Bibi shamba aliugonga kwa ncha ya buti. Aliuliza maswali mafupi, moja baada ya jingine: vizibo vingapi, tangu lini, safu zipi, na ile safu moja ya mwezi wa pili ni ipi? Chiriku alijibu yote huku akifuta makamasi kwa mkono. Walipokwenda kuitazama safu aliyoitia unga mwezi wa pili, majani yake yalikuwa na njano kidogo kuliko nyingine zote. Ilikuwa hapo siku zote, ya mwisho ukutani, ambako hakuna aliyefikiria kulinganisha.

"Si ugonjwa," bibi shamba alisema, akashusha pumzi ndefu. "Majani nitayapeleka hata hivyo, tuwe na hakika. Lakini hii ni njaa, tena njaa ya kutengenezwa. Mbolea nyekundu ni potashi. Potashi na magnesi huingilia mlango mmoja wa mizizi. Ukimwaga potashi nyingi, inajaa mlangoni na kile kidogo cha magnesi kilichopo kinabaki nje. Umenyima kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ukafunga mlango."

"Itapona?" aliuliza Chiriku.

"Majani yaliyokwisha geuka hayarudi. Hayo yasahau. Miche mingine nayo imekwisha choka. Tutajaribu."

Mama alizima moto kwa ndoo mbili za maji. Miche kumi na saba ilikuwa imekwenda.

Bibi shamba aliwapa chumvi ya magnesi, nyeupe kama sukari, ya kuyeyusha kwenye maji kwa kipimo na kupulizia majani kila baada ya wiki mbili, ili mche upate chakula haraka kupitia majani wakati chokaa ikifanya kazi yake polepole mchangani. Mbolea nyekundu ilisimamishwa kabisa. Chiriku alibeba bomba la kupulizia mgongoni, kamba zikimkata mabega. Alitia unga upya, kijiko kwa kijiko, kwa vidole, na wakati huu hakuna aliyemwuliza kama amemaliza. Hilo lilimuuma. Mama alikuwa akipita mwenyewe kukagua, kiriba kwa kiriba.

Wiki ya kwanza hakuna kilichotokea. Wiki ya pili majani yalizidi kudondoka. Wiki ya tatu mashina kadhaa yalikauka, na kila asubuhi Chiriku aliyatoa mengine. Alimwendea bibi shamba alipopita, akamshika mkoba. "Nifanye nini zaidi? Niongeze chumvi? Nipulizie kila siku?"

"Hapana. Ukizidisha utaunguza. Umefanya linalofanyika. Lililobaki si lako."

Maneno hayo yalikuwa magumu kuliko bomba la mgongoni. Alizoea kukimbia, kusema, kusukuma mambo. Sasa alikuwa na kazi ya kungoja tu, na hakujua kama anachongoja kipo. Majibu ya maabara yalikuja: ugonjwa haukuwapo. Mama aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaenda kusimama pale palipokuwa na moto.

Mwishoni mwa mwezi wa pili, Chiriku aliona vichipukizi. Hakupiga kelele, aliogopa. Alingoja siku nne hadi majani yakafunguka, akainama kutazama kandokando, kushoto na kulia. Kijani, mpaka ukingoni. Safu iliyofuata, kijani. Miche ishirini na minane ilikuwa imekufa baada ya moto, lakini mia moja tisini na mitano ilikuwa imesimama.

Alimwendea babu, akamshika mkono wa kushoto, akamwongoza taratibu hadi katikati ya safu. Babu alilipapasa jani jipya kwa kidole gumba, kwa muda mrefu.

"Babu," alisema Chiriku, "umenisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile ile, moshi ungali unaniwasha macho. Lakini sikiliza, nikwambie mara moja nisirudie. Uvivu ni jambo dogo. Kila mtoto ana uvivu wake, hata mimi nilikuwa nao, mama yako asikie. Ungesema, 'Babu, kazi hii imenishinda,' tungeigawa. Lakini mimi sina mkono. Mkono wangu ulikuwa wewe. Na mama yako hana nafasi, macho yake yalikuwa wewe. Sasa mkono ukimdanganya mwenye mwili, mwili utafanya nini? Tulikaa hapa tunatibu kiu isiyokuwapo, wadudu wasiokuwapo, mpaka tukachoma watoto wetu wenyewe. Hatukushindwa kwa sababu miche ilikuwa na njaa. Njaa ina dawa. Tulishindwa kwa sababu hatukujua ukweli, na aliyeujua alikuwa amekaa nasi mezani."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Niliogopa, babu."

"Najua. Hofu huisha siku unaposema. Uongo ndio unaokua kila siku. Ukikosea kazi uliyoaminiwa, sema mapema, kungali na kitu cha kuokoa. Ukisema ukiwa umechelewa, bado sema."

Mama alikuwa amefika nyuma yao, sindano yenye uzi ingali imechomekwa begani kwenye nguo yake. Alimtazama binti yake, akanyoosha mkono kumwondoa jani kavu nyweleni.

"Mmemaliza hotuba?" alisema. "Haya, babu akae kivulini. Chiriku, bomba ulete, leo tutapulizia kwa kupokezana. Mimi safu hizi nne, wewe zile nne. Na unisimulie mambo ya shule, nyumba hii imekuwa kimya mno."